Usiishie kwa Elsa

Kizingo, Mombasa
Jumapili jioni

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mawili tu: yule mama wa Kizungu anayekumbatiana na simba kwenye filamu mnayotaka kuwaonyesha wanafunzi wa klabu ya wanyamapori ni nani hasa, na je, simba wale ni wa kweli au ni mazingaombwe ya kamera. Jibu fupi halitakufaa, kwa hiyo vuta kiti.

Anaitwa Virginia McKenna. Simba ni wa kweli, wote, na aliyekuwa nao pale nyikani ni yeye mwenyewe. Ila nakuomba sana, usiwaonyeshe filamu hiyo, Born Free ya 1966, kisa cha simba jike Elsa aliyelelewa na watu kisha akaachiwa huru, halafu ukawasha taa mkaenda zenu. Watoto wataondoka wakiamini mambo yaliishia vizuri. Simba wengi walioigiza katika filamu ile, inayohusu uhuru, waliishia nyuma ya vyuma. McKenna alijua, na maisha yake yote yaliyofuata yalielekea huko, kwa wale waliobaki nyuma ya vyuma.

Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Wakati wa vita alipelekwa Afrika Kusini akasoma Cape Town, akarudi Uingereza akiwa na miaka 14. Alijifunza uigizaji Central School of Speech and Drama, siku hizo ikifundishia ndani ya jengo la Royal Albert Hall, kisha akaajiriwa miezi kama sita kwenye ukumbi wa michezo wa Dundee, Uskoti. Hapo Dundee usipapite mbio. Kumbi za namna ile zilikuwa na kundi moja la waigizaji waliobadilisha mchezo kila baada ya muda mfupi: usiku wanacheza huu, mchana wanafanya mazoezi ya ule unaokuja. Anayepita pale hujifunza kukariri upesi, na hujifunza pia kutobabaika mwenzake anaposahau maneno au mlango wa jukwaani unapogoma kufunguka. Hilo la pili ndilo lililomfaa baadaye, maana simba hana maneno aliyokariri.

Kwenye sinema alianza kujulikana mwaka 1953 kwa The Cruel Sea. Mwaka 1955 alitokea katika filamu iitwayo Simba. Waambie vijana wasije wakaichanganya na hii yenu, kwani haihusu wanyama. Inahusu Mau Mau, imetazamwa kwa jicho la walowezi, na ilitoka hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa. Ukimwona mle humwoni mtu anayeijua Kenya. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika studio ya Pinewood, nje kidogo ya London.

Filamu zilizompa heshima ni mbili. Katika A Town Like Alice ya 1956 ni mmoja wa wanawake waliotekwa na Wajapani kule Malaya, wanaotembezwa kwa miguu na watoto wao kutoka kambi hadi kambi. Hiyo ilimpatia tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza. Katika Carve Her Name with Pride ya 1958 ni Violette Szabo, mpelelezi wa Uingereza aliyeuawa na Wajerumani katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945. Ukipata nafasi itazame hiyo ya pili usikilize sauti yake: pale ambapo mwigizaji mwingine angepaza, yeye anashusha. Hiyo sauti ya chini ndiyo aliyokuja nayo kwa simba.

Mwaka 1957 aliolewa na Bill Travers, mwigizaji mwenzake, na wakawa wanafanya kazi pamoja mara kwa mara. Katika Born Free walichaguliwa wote wawili kucheza Joy na George Adamson, mke na mume waliomlea Elsa.

Kisa cha Elsa mnakijua, ila tarehe zishike vizuri kwa sababu watoto watauliza. George alikuwa bwana nyama wa serikali kaskazini mwa Kenya. Tarehe 1 Februari 1956 alimpiga risasi simba jike, kisha akagundua kuwa alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Elsa akabaki, akalelewa, akafundishwa kuwinda, akaachiwa Meru, akazaa huko. Januari 1961 alikufa kwa ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe, na kaburi lake lipo hadi leo ndani ya hifadhi ya Meru. Watoto wake watatu walikamatwa mwaka huo huo wakapelekwa Serengeti. Kitabu cha Joy kilitoka 1960, na filamu ikapigwa 1964 na 1965, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Kambi ilikuwa Naro Moru. Kutoka kwako Nanyuki hapo ni mwendo mfupi wa matatu, kwa hiyo ile nyika wanayoiona kwenye filamu ni jirani yao.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo vijana watakapofaidika.

Mwanzoni waliletwa simba wa sarakasi. Wakaonekana hawafai, na sababu yake inaeleweka. Simba wa sarakasi amefunzwa kutii ishara ya mtu mmoja: panda hapa, kaa, ruka, rudi. Mwondolee mtu huyo na kile kiti anachojikingia, na hujui atafanya nini. Tena filamu haikuhitaji simba anayetii. Ilihitaji simba anayekuja kwa hiari yake, anayesugua kichwa chake kwenye nyonga ya mtu kama wanavyosalimiana simba wao kwa wao. Hilo halifundishwi kwa fimbo.

Wakageukia simba waliolelewa na watu. Boy na Girl, kaka na dada, walikuwa wanyama wa fahari wa kikosi cha jeshi la Uingereza, Scots Guards, kilichokuwa hapa Kenya. Mwingine aliitwa Ugas, ambalo ni jina la cheo cha mkuu wa ukoo kwa Wasomali. Kwa jumla zaidi ya simba 20 walitumika. Watoto watashangaa kwa nini wengi hivyo kwa ajili ya Elsa mmoja. Waambie wapige hesabu. Mtoto wa simba huzaliwa na kilo moja na ushei, na simba jike mzima ana kilo 120 hadi 180. Kisa kinaanza Elsa akiwa bado mtoto mchanga na kinaishia akiwa na watoto wake mwenyewe, wakati filamu haiwezi kumsubiri mnyama mmoja akue miaka minne. Kwa hiyo kila umri una simba wake, na wengine wa akiba kwa siku ambayo huyu hataki kuamka. Kama una kijana mwenye macho makali, mwambie atazame vidoti vya ndevu juu ya midomo ya Elsa kila anapoletwa karibu na kamera. Mpangilio wa vidoti vile hutofautiana kwa kila simba, na watafiti huutumia kuwatambua. Atagundua Elsa anabadilika badilika.

George Adamson mwenyewe alikuwa mshauri. Njia yake ilikuwa ndefu na ya subira. Kwanza mtu na simba wanazoeana kukiwa na uzio, wajue harufu na sauti. Kisha mtu anaingia ndani, kwa muda mfupi, bila kamera. Kisha wanatoka kutembea pamoja nyikani, siku baada ya siku, hadi simba amwone yule mtu kama sehemu ya kundi. Kamera inakuja mwisho. Kuna makosa ambayo mwili wa binadamu huyafanya bila kuulizwa, na ndiyo ya hatari: kukimbia, kuchuchumaa, kugeuza mgongo. Simba kijana akiona kitu kinachokimbia hukifukuza, na akiona mgongo umeinama huuvizia. Hana ubaya, anacheza. Lakini mchezo wa mnyama wa kilo zaidi ya 100 unavunja mifupa, na uliivunja: mmoja wao alimgonga McKenna katika mchezo, akavunjika kifundo cha mguu. Alipopona alirudi kwa simba wale wale.

Kwa hiyo wakati wa kutazama waambie waanze na miguu yake kabla ya uso. Simba anapokuja kuegemea au kuinua makucha ya mbele kifuani, anayekakamaa huanguka. Anayesalimika ni yule aliyetanguliza mguu mmoja, magoti yakiwa malegevu, akaupokea uzito ule kama mtu anayepokea gunia. Halafu watazame mkono. Unakuja kutoka ubavuni, wazi, unakaa shingoni au nyuma ya sikio. Haumshikishikii simba usoni. Kisha sauti: ya chini, sentensi fupi, jina limerudiwa rudiwa. Hapo maneno yaliyoandikwa na maneno ya kumtuliza mnyama yamechanganyika, na ni vigumu kusema lipi ni lipi. Mimi huo nauita uigizaji wa hali ya juu, ingawa wapo wanaosema alikuwa anacheza na simba tu.

Tena wafahamu tabu ya mpiga picha. Simba hulala au kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku. Wakati wa kazi ni asubuhi mapema na alasiri kuelekea magharibi. Rola la filamu ya milimita 35 lenye urefu wa futi 1,000 humalizika kwa dakika 11 hivi, kisha kamera inafunguliwa na kupakiwa upya. Ukianza kupiga mapema mno, rola linaisha simba akiwa bado anapiga miayo. Ukichelewa, kile ulichokingoja asubuhi nzima kimepita, na huwezi kumwambia simba arudie. Mwigizaji wa kawaida anajua kwamba akikosea watarudia. McKenna alilazimika kuwa tayari kila sekunde, kwani pengine hiyo ndiyo sekunde moja itakayotumika.

Jambo moja linanikera katika filamu hii, na nataka uliseme mbele ya darasa. Nuru na Makedde, wanaochezwa na Peter Lukoye na Omar Chambati, wamewekwa pembeni kama watumishi wa kubeba na kuitikia. Katika maisha ya kweli Nuru ndiye aliyewalea wale watoto wa simba siku hadi siku, na Makedde alikuwa askari wa wanyamapori aliyeijua nyika ile vilivyo. Waulize wanafunzi wahesabu ni mara ngapi wawili hao wanaulizwa maoni yao.

Filamu ilipokwisha, watayarishaji walikuwa na simba wengi wasio na kazi. Simba ni mali, anakula nyama kila siku, na bustani za wanyama zilikuwa tayari kuwachukua. McKenna, Travers na George waliomba waachiwe. Walipata watatu tu: Boy, Girl na Ugas. George akaenda nao Meru kuwafundisha pori, kama alivyofanya kwa Elsa. Wengine wakasafirishwa kwenda kufungwa. Travers na mwongozaji James Hill walitengeneza filamu ya habari juu ya yaliyowapata, The Lions Are Free, na ukiweza kuipata, hiyo ndiyo ya kuwaonyesha baada ya ile kubwa.

Usiwafiche habari ya Boy. Mwaka 1971, akiwa na George huko Kora, nyika nyingine ya Kenya, alimuua mmoja wa wafanyakazi wa kambi, na George akalazimika kumpiga risasi. Simba aliyezoea watu hana ile hofu inayomweka mbali na watu, na mwenye kuilipa gharama hiyo mara nyingi ni mfanyakazi asiyetajwa kwenye bango la filamu. Wapo waliompinga George kwa sababu hiyo tangu mwanzo, na hoja yao ina uzito. Wacha vijana wabishane.

Mwaka 1968 McKenna na Travers walirudi Kenya kupiga filamu nyingine, safari hii Tsavo, kwa mhifadhi David Sheldrick. Nyota wake alikuwa mtoto wa tembo, jike, wa miaka miwili hivi, aliyekamatwa porini. Jina lake Pole Pole. Kwa Kiingereza walilitafsiri kwa maana ya taratibu, wakaliweka kwenye kichwa cha filamu, An Elephant Called Slowly. Sisi tukilisikia tunasikia pia ile pole anayopewa mtu aliyefikwa, na hapa imetamkwa mara mbili.

Pole Pole alikuwa zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Kazi ilipokwisha, McKenna na Travers waliomba kumnunua ili abaki Tsavo. Wakaambiwa inawezekana, ila atakamatwa mwingine badala yake, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Fikiria hapo, Rehema. Ukilipa, unamwokoa unayemjua na kumtia kifungoni usiyemjua, akatengwe na mama yake. Walikataa. Pole Pole akapelekwa London.

Tembo jike porini haishi peke yake hata siku moja. Hukaa na mama, bibi, mama wadogo na dada zake hadi kufa, na anaweza kufikisha miaka 60. Mwaka 1982 McKenna na Travers walikwenda kumwona. Walipomwita, alisogea akanyoosha mkonga kuwafikia, miaka zaidi ya kumi baada ya Tsavo. Mwaka uliofuata iliamuliwa ahamishiwe Whipsnade, bustani nyingine ya wanyama nje ya London, kwenye nafasi kubwa zaidi. Akaingizwa kwenye sanduku la safari, akasimama humo muda mrefu hadi akaanguka, na hakupona. Alikufa Oktoba 1983, akiwa kijana tu kwa umri wa tembo.

Machi 1984 McKenna, Travers na mwana wao Will wakaanzisha Zoo Check, shirika la kuwatetea wanyama waliofungwa. Mwaka 1991 ikapewa jina la ile filamu, Born Free Foundation. Kumbuka huyu hakuwa mwigizaji aliyekosa kazi. Mwaka 1979 alikuwa jukwaani London Palladium na Yul Brynner katika The King and I, na akapata tuzo ya Olivier kwa kazi hiyo. Travers alifariki 1994, shirika likaendelea, na hadi leo linafanya kazi Meru, pamoja na kutafuta na kung'oa mitego ya waya. McKenna alipewa nishani ya OBE mwaka 2004 na cheo cha Dame mwaka 2023, akiwa na miaka 91, kwa ajili ya wanyama. Tembo wa mwisho waliondolewa London Zoo mwaka 2001.

Kwa klabu yako kuna kazi moja ya mikono inayotokana na haya. Travers alikuwa akirekodi wanyama waliofungwa, na mwaka 1992 akabuni neno la kuuita ule ugonjwa wa akili unaowapata. Dalili zinahesabika: kwenda na kurudi kwenye mstari ule ule, kuyumbisha kichwa, kuuma vyuma, kujilamba hadi ngozi ikawa wazi. Mkienda mahali popote panapofugwa wanyama, kila mwanafunzi achague mnyama mmoja, akae dakika 30, na kila dakika aandike neno moja: analala, anakula, anatembea, anarudia. Wasiende wakati wa kulisha, kwa sababu mnyama anayesubiri chakula huzunguka hata kama ni mzima. Warudie siku nyingine, saa nyingine. Mara moja haitoshi kumshutumu mtu.

Filamu kubwa ina dakika 95. Anzeni saa nane mchana, mapazia yakiwa yameshuka, ili mpate muda wa kuzungumza kabla ya basi la shule kuondoka. Ya Pole Pole msiitazame yote, ina mizaha mingi. Onyesha vile vipande ambavyo mtoto yule wa tembo yupo na McKenna. Waache kwanza wamcheke anavyomfuata mama huyu kila aendako, kisha ndipo uwaambie alikopelekwa.

Karatasi za kuhesabia nimeshazichora, nakala 40, zitakuja na basi la Ijumaa. Niandikie walivyosema.

Wako akupendaye,
Zuhura